Furaha Haisubiri Boom: Jibu Langu kwa Wanaosema Ubudha ni Dini ya Kukimbia Shida

Najua nimepotea, msinipige mawe. Wiki mbili hizi ni testi juu ya testi, halafu kazi ya semina ya Falsafa ya Elimu, halafu boom nalo ndo hilo mnalolijua, tunaambiwa "linakuja" tangu mwezi uliopita. Leo nimepata nafasi, na kusema kweli nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Ilianza Alhamisi jioni kwenye vimbweta. Kundi letu la semina tulipewa mada ya elimu na ukombozi, kila mtu achague mtu mmoja wa kumzungumzia. Wengi wakamkimbilia Mwalimu Nyerere na Freire, mimi nikamchukua Dk. Bhimrao Ambedkar wa India. Nilikuwa nawasomea wenzangu nilichoandika, akapita kaka mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma uchumi, mtu wa maneno sana. Aliposikia neno Ubudha akasimama. Akasema: "Dada yangu, hiyo ni dini ya watu walioshiba. Wewe una njaa, unafumba macho ili iweje? Ukifumbua, njaa ipo pale pale." Watu wakaangua kicheko. Dada mwingine, mlokole wetu wa bweni, akaongeza kwamba ukikaa kimya bila kuomba kichwa kinabaki kitupu na pepo wanaingia. Kicheko tena. Aliyenimaliza ni rafiki yangu mwenyewe, tunalala chumba kimoja. Akasema furaha kwenye shida ni kasumba tu, inawafanya maskini watulie.

Nikababaika, nikajibu ovyo, nikafunga daftari. Nyie si mnajua, jibu zuri huwa linakuja usiku ukiwa umeshalala! Sasa limekuja, na nalileta hapa.

Kabla sijaenda mbali niseme wazi: mimi si Mbudha. Nimebatizwa, nimelelewa kanisani, kwaya naimba mpaka leo. Siuzi dini ya mtu. Ninachokipinga ni uvivu wa kuwahukumu watu ambao hujawahi kuwasoma hata ukurasa mmoja. Na kuna jambo la pili linalonikera zaidi, la hapa hapa chuoni, ambalo nitalifikia mwishoni.

Tuanze na hoja ya kaka wa uchumi, kwamba Ubudha ni dini ya walioshiba.

Kaka, tarehe 14 Oktoba 1956, kwenye uwanja mmoja mjini Nagpur, katikati ya India, inakadiriwa watu laki nne au zaidi waliingia Ubudha siku moja. Wengi walivaa nguo nyeupe. Unajua ni akina nani? Walikuwa wale walioitwa "wasioguswa", wengi wao wa tabaka la Mahar. Kazi waliyopangiwa kijijini, kwa kuzaliwa tu, ilikuwa pamoja na kuburuta mizoga ya ng'ombe. Kisima cha kijiji hawakuruhusiwa kuchota, hekaluni hawaingii, na kivuli chao nacho kilihesabiwa kuwa ni uchafu. Hao ndio walioshiba?

Aliyewaongoza ni huyo Ambedkar. Alizaliwa 1891, na yeye ni Mahar. Shuleni alikalia kipande cha gunia alichokwenda nacho kutoka nyumbani, kwa sababu mkeka wa wenzake angeutia najisi. Maji hakuruhusiwa kugusa bomba. Ilibidi tarishi wa shule amfungulie, na siku tarishi hayupo, mtoto anashinda na kiu. Sisi tunaosomea ualimu tusimame hapo kidogo. Kulikuwa na mwalimu darasani siku hiyo! Mwalimu aliona mtoto ana kiu, na bomba lipo.

Mtoto yule akaja kupata shahada ya udaktari Columbia kule New York na nyingine London, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, ile iliyopitishwa Novemba 1949. Mwaka 1927 aliwaongoza watu wake kwenda kunywa maji kwenye bwawa la Chavdar mjini Mahad. Baraza la mji lilikuwa limeshatangaza kwamba bwawa ni la wote, lakini hakuna aliyethubutu. Wakanywa. Wakapigwa. Halafu wakubwa wa tabaka za juu wakalitakasa bwawa kwa mchanganyiko wa mavi na mkojo wa ng'ombe, maziwa na mtindi. Mavi ya ng'ombe yalikuwa safi kuliko mkono wa binadamu mwenzao. Kesi ya bwawa lile ilikwenda mpaka 1937 ndipo mahakama kuu ya Bombay ikakubali haki yao.

Mwaka 1935 Ambedkar alitangaza kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Akakaa miaka 21 akisoma na kupima ndipo akachagua. Kumbe mtu anaweza kuchagua dini kama anavyoandika tasnifu! Alipokula kiapo kule Nagpur alikuwa mgonjwa, sukari imemmaliza. Alikufa tarehe 6 Desemba mwaka ule ule, siku 53 tu baadaye. Kwa hiyo wale watu walimpoteza baba yao kabla hawajajua vizuri hata jinsi ya kusali sala mpya.

Sasa hoja ya pili, kwamba ni dini ya kukimbia shida.

Mwenye kusema hivyo hajafungua mlango, amechungulia dirishani. Fundisho la kwanza kabisa la Buddha ni kwamba maisha yana dukkha. Kuna kuugua, kuna kuzeeka, kuna kutengana na unaowapenda, kuna kukosa unachokitaka. Mimi sijui dini nyingine inayoanza kwa kukutajia shida usoni namna hiyo. Halafu inasema shida ina chanzo, na chanzo kinaweza kuondolewa, na njia ya kukiondoa ni hii. Mtu anayekimbia simba hasimami kumhesabu meno.

Lakini Ambedkar naye hakumeza tu. Kwenye kitabu chake cha mwisho, Buddha na Dhamma Yake, kilichotoka 1957 ameshafariki, alihoji hata hizo kweli nne za msingi zinavyofundishwa. Aliona kwamba ukimwambia maskini kila kitu ni mateso na mateso yanatokana na tamaa yako, umemfungia mlango. Kwake mateso mengi yanatoka kwa binadamu kumuonea binadamu mwenzake, na hayo dawa yake ni uadilifu. Aliandika pia jambo ambalo nimelipigia mstari mara mbili kwenye desa langu. Kwa maneno yangu mimi ni hivi: mtu akiwa peke yake duniani haihitaji dhamma, lakini wakishakuwa wawili tu, wanaihitaji, watake wasitake, maana dhamma ni jinsi huyu anavyoishi na yule.

Dada yangu mlokole, umeisoma hiyo? Hapo kukaa kimya na kufumba macho ni sehemu ndogo. Siku ile Nagpur, Ambedkar aliwapa watu wake viapo 22. Humo kuna kukataa miungu ya zamani, sawa, lakini kuna pia kutoiba, kutosema uongo, kutokunywa pombe, na kuamini kwamba binadamu wote ni sawa. Pepo gani anaingia kwa mtu aliyeapa kutoiba na kutodanganya? Na hata huko kutafakari kwenyewe, unajua wanatafakari nini? Moja ya mazoezi yao ya zamani sana ni metta. Unakaa, unajitakia mema wewe mwenyewe, halafu rafiki yako, halafu mtu usiyemjua vizuri, halafu adui yako, halafu viumbe wote. Mjaribu huyo adui! Mimi nilijaribu Ijumaa usiku, nikamuweka kaka wa uchumi. Dakika mbili hazikuisha nimeshaanza kumjibu kichwani. Tehe tehe. Si kazi ya walioshiba hiyo.

Tuje kwa rafiki yangu wa chumbani, maana hoja yake ndiyo ngumu. Anasema furaha kwenye shida ni kasumba.

Nakubali kuna furaha ya namna hiyo. Ipo, tena inauzwa. Ipo furaha ya kuambiwa vumilia, malipo yako mbinguni, huku anayekuambia anaondoka na gari. Hata Ubudha siku hizi unauzwa Ulaya na Marekani kama dawa ya kupunguza mawazo ofisini, ili mfanyakazi afanye kazi zaidi bila kulalamika. Hiyo hata mimi naiita kasumba.

Lakini angalia watu wa Nagpur walifanya nini na furaha yao. Kila tarehe 14 Aprili, siku aliyozaliwa Ambedkar, mitaa ya maskini huko Maharashtra inawaka. Bendera za buluu, ngoma, nyimbo za kumsifu Bhim, watoto wamepigwa pasi. Kila mwaka siku ya Nagpur na siku ya kifo chake umati mkubwa unasafiri kwenda kwenye stupa ya Nagpur na kule Dadar, Mumbai, alikochomwa mwili wake. Na unajua kitu kinachouzwa sana kwenye mikusanyiko ile? VITABU. Watu waliovaa kandambili wanarudi kijijini na vitabu. Wanaojitolea wanagawa maji na chakula. Fikiria maana ya kugawa maji kwa watu ambao babu zao walinyimwa maji! Furaha ya hivyo si usingizi. Ni mtu anayesema: mlitaka nione aibu kuwepo, na mimi nacheza ngoma.

Halafu pima matokeo. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wabudha milioni 8.4, zaidi ya robo tatu wakiwa Maharashtra, na wengi ni hawa hawa wa Ambedkar na watoto wao. Wanaojua kusoma na kuandika kati yao walikuwa zaidi ya asilimia 80, juu ya wastani wa nchi nzima. Watu waliokalishwa kwenye gunia! Ambedkar mwenyewe aliunda jumuiya ya elimu mwaka 1945, ikafungua chuo cha Siddharth Mumbai mwaka 1946 na cha Milind kule Aurangabad mwaka 1950. Milind ni yule mfalme wa zamani aliyesifika kwa kumuuliza mtawa maswali magumu. Yaani chuo kimepewa jina la muuliza maswali. Wanafunzi wenzangu wa ualimu, hiyo nimewaachia bure.

Na je, walitulia? Walipoingia Ubudha, kwa ngazi ya serikali kuu walipoteza zile nafasi za masomo na kazi zilizotengwa kwa tabaka zao, kwa sababu sheria ilisema hawahesabiki tena. Hebu fikiria, boom lako linafutwa kwa sababu umebadili dini. Walidai mpaka 1990 ndipo sheria ikabadilishwa. Mwaka 1978 likaibuka suala la kukipa chuo kikuu cha Marathwada jina la Ambedkar. Wakachomewa nyumba, watu wakauawa, kwa jina tu la chuo. Hawakuacha. Jina lilibadilishwa Januari 1994. Miaka 16! Mtu mwenye huzuni peke yake hawezi kupigania jambo miaka 16. Anachoka mwezi wa pili. Wanaoweza ni wale wanaokutana kila Jumapili kwenye kijihekalu cha mtaani, wakakaa chini pamoja, wakaimba yale makimbilio matatu na kanuni tano, wakajua nani mgonjwa na mtoto wa nani amefeli. Rafiki yangu, furaha ndiyo iliyowapa pumzi ya kugoma.

Nisije nikaambiwa nimewapaka mafuta Wabudha wote. Hapana. Myanmar kuna watawa waliohubiri chuki dhidi ya Waislamu wa Rohingya, na mwaka 2017 zaidi ya watu laki saba walikimbilia Bangladesh. Vazi la mtawa halimzuii mtu kuwa mkatili, kama ambavyo kola ya padri au kanzu ya shehe haimzuii. Hiyo inanithibitishia tu maneno ya Ambedkar. Ukishaiondoa dhamma kati ya huyu na yule, kinachobaki ni mavazi.

Na hapa sasa nafika kwenye kinachoniuma.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa darasani aliondoka chuoni. Sitasema ni nani. Tulianza naye mwaka wa kwanza, tulikaa safu moja, desa zangu nyingi ni mwandiko wake. Alikuwa hana mkopo, ada imembana, analala kwa kubebwa chumba hiki wiki hii na kile wiki ijayo. Siku moja akakusanya begi lake akaenda zake nyumbani. Tulijua baada ya wiki TATU. Mhadhiri aliita majina, likaitwa la kwake, kimya. Akauliza yuko wapi, tukatazamana. Baadaye tukasikia anauza mitumba mnadani huko kwao.

Wiki tatu wadau! Na katika wiki hizo sisi wa kwaya tulikuwa na mazoezi kila jioni, tunaimba juu ya furaha na upendo, sauti ya pili na ya tatu zimenyooka kabisa. Yeye alikuwa akikaa nyuma kwenye ukumbi ule ule siku za ibada. Nilimuona amekonda. Nikasema kimoyomoyo ni testi hizi. Nikaendelea kuimba.

Kwa hiyo mtu anapokaa kwenye kimbweta akawacheka watu wa Nagpur kwamba wanafumba macho, mimi nauliza: aliyefumba macho ni nani? Tunajisifu Watanzania ni ndugu, tuna ujamaa, tuna dini, halafu tunakula tumefunga mlango kwa ndani ili mwenzetu asisikie harufu ya dagaa. Msibishe, wote tunajua ule mlio wa komeo saa mbili usiku. Na tunasema "furaha itakuja boom likitoka", "nitakuwa na amani nikimaliza", "nikipata ajira". Boom likitoka tunakuwa wafalme siku nne, kila mtu na chipsi kuku zake, siku ya tano tunarudi kufunga milango.

Wabudha wana neno mudita. Ni kufurahia jema lililompata mwenzako kana kwamba limekupata wewe. Jaribu siku matokeo yanabandikwa, mwenzako ana A na wewe una sapu. Hapo ndipo utajua kama hiyo ni dini ya kulala au ni jembe. Kuna pia simulizi lao la zamani ambapo mwanafunzi Ananda anamwambia Buddha kwamba marafiki wema ni nusu ya maisha matakatifu. Buddha anamkatalia, anamwambia usiseme hivyo, hayo ndiyo maisha matakatifu yote. Nilipolisoma nikamkumbuka yule wa mitumba.

Haikunifanya nibadili dini. Pale Upanga, Dar, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na wafanyakazi waliotoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, enzi za mkoloni. Nimepita nje yake kwenye daladala mara nyingi bila hata kugeuza shingo. Siku moja nitaingia nisalimie, basi. Ila imenifanya niione aibu dini yangu mwenyewe kwa jinsi ninavyoiishi, na nadhani hiyo ni faida tosha ya kusoma.

Tulichofanya ni kidogo sana, msije mkadhani tumeanzisha harakati. Tangu Ijumaa watu saba wa bweni letu tunapika sufuria moja. Mwenye mia tano anatoa mia tano, mwenye unga anatoa unga, asiyenacho anaosha vyombo na hasemwi. Mlango unabaki wazi. Na nina daftari dogo la majina ya darasa letu la semina, watu 23. Kila siku mbili napitia: nani hajaonekana? Asiyeonekana anatafutwa, kwa simu au kwa miguu. Jumapili tulimkuta mmoja ana malaria, amelala tangu juzi, hata panadol hana. Wiki tatu zingepita tena hivi hivi.

Jana usiku umeme ulikatika tukiwa tunakula. Ugali, dagaa, pilipili moja kwa watu saba. Yule rafiki yangu wa "kasumba" akasimulia siku aliyokosea mlango akaingia lekcha ya uhandisi, akakaa saa nzima anaandika kila kitu. Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akapaliwa. Boom halijatoka. Ada yangu nusu bado. Na kesho tumekubaliana tunakwenda wote kwa wahusika kuuliza, kwa utaratibu, tukiwa wengi, na yule wa malaria tumeandika jina lake pia.

Kaka wa uchumi, najua unasoma hapa. Sufuria ni hapo kwetu, saa moja na nusu jioni. Njoo na sahani yako, na kama una nyanya usizifiche.

Nawakilisha.